Dhamana ya Neno katika Kinjeketile

Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), Kinjeketile anatoa neno la maji, nalo lawaunganisha watu dhidi ya utawala wa Wajerumani. Baadaye analishuku mwenyewe, anataka vita vingoje. Lakini neno limekwisha kumponyoka. Wallenstein wa Schiller huziegemea nyota. Kinjeketile hana tena pa kuegemea. Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, asije akawavunja moyo wajukuu. Ushujaa huo twausifu, ila haufuti damu ya walioyaamini maji katika vita vya 1905–1907. Sisi tuhubirio Lushoto na Usambara yote tutafakari: nia njema hupunguza lawama, haiondoi dhamana. Mhubiri aonaye shaka na aikiri mbele ya kundi kabla halijaondoka.