Juu ya Neno "Kimeng'enya" na Kipimo Chake

Neno kimeng'enya, tulilopewa na kamusi za iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, latokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vidogo vidogo. Kwa papaini, iliyomo katika utomvu wa papai bichi, jina hili lafaa sana, kwa kuwa kazi yake ni kuikata protini. Lakini viko vimeng'enya viunganishavyo, visivyovunja chochote. Hapo jina lapwaya. Na tulivumilie, maana limekwisha zoeleka.

Lisilovumilika ni kusema "kiasi cha kimeng'enya" pale ambapo kilichopimwa ni kazi yake. Chupa mbili za papaini zaweza kulingana katika mizani, na moja ikawa imeunguzwa na joto hata haina kazi tena. Mpishi wa Msuka, kaskazini ya Pemba, atiaye papai bichi katika nyama ngumu, hahangaiki na uzito wa papai, huibonyeza nyama.

Maabara nayo huiuliza nyama, kwa namna yake. Katika njia ya Kunitz ya mwaka 1947 kimeng'enya huchanganywa na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, kwa joto na muda uliowekwa. Kisha hutiwa asidi ya trikloroasetiki ili kazi isimame. Protini iliyosalia nzima hugandamana na kutuama. Vipande vidogo hubaki katika maji, navyo hupimwa kwa mwanga wa nanomita 280, ambao hufyonzwa na tirosini na triptofani zilizomo. (Anson, mwaka 1938, alitumia hemoglobini.) Tarakimu ipatikanayo ni ya kazi kwa muda, na ndiyo maana yuniti moja ya kimeng'enya huelezwa kuwa ni mikromoli moja ibadilishwayo kwa dakika.

Wako wapendao "nguvu" au "ukali". Ukali ni wa pilipili na siki: umo ndani ya kitu hata kikiwa kimekaa bure chupani. Mimi naona "kasi ya umeng'enyaji" yatosha, nayo haihitaji kuelezwa. Mwanafunzi aliyefundishwa "kiasi" ataipima ile chupa iliyoungua, atapata sifuri, na kuandika kwamba haina papaini. Kumbe imo yote, ila imekufa.