Kutoka Stesheni Hadi Boma: Uhakiki wa Majengo ya Morogoro

Mtalii akifika mjini hutazama nguzo na paa, akasifu, akaenda zake. Kada hana ruhusa hiyo. Kila jengo lazima aliulize maswali matatu: lilijengwa kwa jasho la nani, kwa faida ya nani, na leo linamtumikia nani? Kwa maswali hayo tunauhakiki mji wa Morogoro, kuanzia stesheni ya zamani ya reli hadi Boma, upande wa Milima ya Uluguru.

Kwanza tuondoe kasumba moja. Wapo wanaodai kwamba mji huu ulizaliwa na reli. Si kweli. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliikuta Simbamwene, mji wa Kisabengo, umezungushiwa ukuta wa mawe. Lakini tusiupambe ukuta huo kwa kuwa tu ulikuwa wa Mwafrika. Kisabengo alijijengea nguvu kwa vita na kwa kuteka watu. Unyonyaji hauna rangi.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907. Shabaha yake haikuwa kumrahisishia safari mkulima wa Matombo, bali kuteremsha mazao pwani na kupandisha askari bara. Mbele ya stesheni Wajerumani waliweka hoteli yao, ambayo baadaye iliitwa Savoy. Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliuteka mji. Mwenye nyumba alibadilika. Kazi ya nyumba haikubadilika. Hilo ndilo fundisho la kwanza la mtaa huu.

Fundisho la pili liko Boma. Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mkoloni alisema anahifadhi udongo. Wakulima waliona jambo jingine: kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira, na udongo wa chini usio na rutuba ukiletwa juu. Hakuna aliyewauliza. Julai 1955 wananchi wa Matombo waligoma, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baadaye mpango ukaachwa. Kosa halikuwa kuhifadhi udongo, maana udongo wa Uluguru kweli humomonyoka. Kosa lilikuwa kumfanya mkulima kuwa mtu wa kupokea amri tu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1971 ulikuwa na mambo mawili makubwa. Februari, TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi ujeuri, ubadhirifu, dharau na uonevu. Aprili, sheria ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ilibadili mwenye jengo. Mwongozo ulitaka kubadili tabia ya mtu aliyekaa ndani yake. La kwanza lilifanyika kwa siku moja. La pili halina siku ya kumalizika.

Hapa tunajikosoa. Kwa miaka mingi tumewapitisha wanafunzi katika njia hii tukisema: "Hili lilikuwa la Mjerumani, kisha la Mwingereza, sasa ni letu." Siku moja mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima wa milimani, akatuuliza: "Ndugu Mkufunzi, kama ofisi za umma ni zetu, mbona baba yangu huvua kofia tangu nje na kuongea kwa kunong'ona?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha historia ya hati za majengo, tukaacha historia ya milango yake.

Majengo mapya yanaendelea kujengwa. Soko Kuu la Chifu Kingalu lilifunguliwa mwaka 2021. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo ina stesheni yake mpya. Ni maendeleo, na tunayapongeza. Lakini maswali ni yale yale matatu, na mtahini si mkufunzi. Mtahini ni mama anayeteremka kutoka Mgeta na tenga la kabichi. Akipata nafasi sokoni bila kusukumwa, na akijibiwa dirishani kama mwenye mali, basi majengo hayo ni yake. Asipojibiwa hivyo, bado tunaishi katika nyumba ya mkoloni, hata kama rangi tumepaka wenyewe.