Kikapu Kilichofutwa: Uamuzi wa Nusu Fainali ya Manasquan na Camden

Makosa ya waamuzi katika mpira wa kikapu wa shule za sekondari huzungumzwa zaidi kama udhaifu wa macho, kwamba mwamuzi hakuona au alichelewa kuona, ilhali kila kosa la uwanjani lina upande wa pili usiotazamwa sana, nao ni utaratibu uliowekwa wa kulitambua na kulirekebisha kabla matokeo hayajafungwa. Upande huo wa pili ndio unaopaswa kuchunguzwa katika nusu fainali ya wavulana ya Kundi la 2 ya jimbo la New Jersey nchini Marekani, iliyochezwa tarehe 5 Machi 2024, ambapo Camden iliitoa Manasquan kwa alama 46 kwa 45 baada ya waamuzi kukifuta kikapu kilichopatikana katika sekunde ya mwisho.

Mfuatano wa matukio unajulikana, kwa kuwa mchezo ulirekodiwa. Manasquan ilikosa mtupo wake wa mwisho wa mbali, mchezaji wake mmoja akaudaka mpira uliorudi kutoka kwenye pete, akaurusha papo hapo, nao ukaingia. Mwamuzi mmoja aliashiria kwamba kikapu kimehesabiwa, kisha waamuzi wakakutana wakashauriana, wakakifuta kwa hoja kwamba mpira ulitoka mkononi baada ya muda kwisha, halafu wakaondoka uwanjani. Picha za video zilionyesha kwamba mpira ulikuwa umekwisha kuuacha mkono wa mchezaji kabla ya muda kumalizika, na NJSIAA, chama kinachosimamia michezo ya shule katika jimbo hilo, kilikiri kwamba uamuzi haukuwa sahihi, lakini kikaeleza kwamba kanuni hazikuruhusu matokeo kubadilishwa. Bodi ya elimu ya Manasquan ilitafuta nafuu mahakamani bila mafanikio, na Camden, ambayo haikuwa imetenda kosa lolote katika jambo hilo, ikacheza fainali.

Kanuni zinazotumika katika shule za Marekani hutungwa na shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya shule za sekondari, linalojulikana kwa kifupi kama NFHS. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mtupo huhesabiwa iwapo mpira umeuacha mkono wa mrushaji kabla ya ishara ya kumalizika kwa muda, hata kama utaingia kikapuni baada ya ishara hiyo. Ishara yenyewe inaweza kuwa honi, au taa inayowaka kwenye ubao wa kikapu au nyuma yake. Taa ina faida kubwa kwa kuwa humwezesha mwamuzi kuona mkono na ishara katika mtazamo mmoja, ilhali honi humlazimisha kulinganisha alichokiona na alichokisikia, tena katikati ya kelele za ukumbi uliojaa.

Mchezo wa waamuzi watatu hugawa uwanja kwa nafasi: mmoja husimama kwenye mstari wa mwisho chini ya kikapu, wa pili kando ya uwanja usawa wa mstari wa mitupo huru, na wa tatu nyuma zaidi kuelekea mstari wa katikati. Wajibu wa kuamua mtupo wa mwisho huwekwa kwa mwamuzi aliye upande ulio mkabala na meza ya watunza muda na watunza alama, naye hutarajiwa kuwaambia wenzake mapema kwamba mtupo huo ni wake. Hakuna mwamuzi mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi ambao mwenzake ameutoa ndani ya mipaka ya kazi yake. Waamuzi wakitofautiana kuhusu kuhesabiwa kwa kikapu, mwamuzi mkuu ndiye anayeamua.

Kushauriana kwenyewe hakukuwa kosa, kwani ni jambo linalohimizwa, na mwamuzi anayekataa kuwauliza wenzake huongeza hatari ya kukosea. Hata hivyo, mashauriano yana thamani pale tu yanapoleta taarifa ambayo mtoa uamuzi hakuwa nayo, kwa mfano mwenzake anaposema kwamba aliuona mpira ungali mkononi wakati ishara ilipotolewa. Shaka peke yake si taarifa. Mtu anayesema kwamba alihisi muda umekwisha hajaleta kitu cha kutosha kuufuta uamuzi uliokwisha kuashiriwa, na kwa kuwa video ilikuja kuthibitisha ishara ya kwanza, ni wazi kwamba mashauriano yale, yaliyokusudiwa kuwa kinga dhidi ya kosa, ndiyo yaliyolizaa. Kanuni ya kazi ingepaswa kuwa kali hapa: uamuzi ulioashiriwa haubadilishwi mpaka apatikane mwamuzi anayesema bila kusita alichokiona na mahali alipokuwa amesimama alipokiona.

Baada ya hapo milango yote ilifungwa. Mamlaka ya waamuzi wa NFHS hukoma wanapotoka katika eneo la mchezo, yaani wanapoacha kuonekana uwanjani, na tangu dakika hiyo matokeo ni ya mwisho. Matumizi ya video yamekatazwa, isipokuwa majimbo yanaruhusiwa kuyakubali katika hatua za ubingwa wa jimbo kwa ajili ya mitupo ya namna hiihii inayorushwa muda ukimalizika, ruhusa ambayo haikuwa ikitumika New Jersey katika mchezo huo. Ligi ya kulipwa ya NBA ilipitia somo kama hili mwaka 2002, pale mtupo wa Samaki Walker wa Los Angeles Lakers uliporushwa baada ya muda wa nusu ya kwanza kwisha lakini ukahesabiwa kwa alama tatu, katika mchezo ambao Lakers iliishinda Sacramento Kings kwa alama 100 kwa 99. Msimu uliofuata ligi hiyo ilianza kutumia marudio ya video kwa mitupo ya mwisho wa robo.

Utovu wa uanamichezo unaingia katika uchambuzi huu kupitia mlango ambao watu wengi hawautazami. Kanuni zina adhabu za kutosha kwa wachezaji na makocha: faulo ya kiufundi, ambayo hutolewa kwa makosa ya nidhamu kama matusi, dhihaka au kumfokea mwamuzi, huwapa wapinzani mitupo huru miwili pamoja na mpira, na mchezaji anayepata mbili hutolewa mchezoni. Zipo pia njia za heshima za kudai haki, kwani kocha anaweza kuomba mchezo usimamishwe ili kosa la alama au la muda lirekebishwe, akikubali kupoteza muda wake wa mapumziko ikiwa hoja yake haina msingi. Njia hiyo, hata hivyo, haina nafasi pale mchezo unapokwisha na waamuzi wanapoondoka.

Mlango wenyewe ni jukwaa la mashabiki: waamuzi wa shule wamefundishwa kuondoka haraka kwa sababu ya usalama wao. NFHS imeeleza kwamba waamuzi wapatao 50,000 wa michezo mbalimbali ya shule waliacha kazi hiyo katika miaka michache baada ya msimu wa 2018–19, na tabia mbaya ya wazazi na mashabiki imetajwa tena na tena miongoni mwa sababu kuu. Hasira za jukwaani humwondoa mwamuzi uwanjani mapema, kuondoka kwake mapema hulifunga kosa lisirekebishike, na kosa lisilorekebishika huzidisha hasira zilezile katika mchezo unaofuata. Tena, waamuzi wazoefu wanapoacha kazi, michezo mikubwa huangukia mikononi mwa wasio na miaka ya kutosha ya kusoma mkono na taa kwa pamoja.

Kanuni za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika katika nchi za Afrika Mashariki, zimelifunga jambo hili mahali pengine: kazi ya waamuzi hukoma pale mwamuzi mkuu anapoidhinisha na kutia saini karatasi ya kumbukumbu za mchezo. Saini hutolewa mezani, mbele ya watunza muda na alama, na tendo hilo peke yake huipa akili nafasi ya kutulia. Vyama vya michezo ya shule vya Marekani vingeweza kuuiga mpango huo bila gharama kubwa, kwa sharti kwamba katika mchezo wa mtoano ulioamuliwa na mtupo wa mwisho waamuzi wabaki mezani, mashabiki wazuiwe kuingia uwanjani, na pale penye video itazamwe kabla ya saini. Vijana wa Manasquan walifunga kikapu halali, na chama chenyewe kilichowanyima ushindi kilikiri hivyo. Kanuni inayokiri kosa na kulilinda kwa pamoja inapaswa kubadilishwa.