Kuwadi Anaposhika Simulizi: Iceberg Slim na Sisi Tunaochipukia

Katika vijiwe vyetu sisi tunaojifunza kuandika, kuna kitabu kimoja cha Kimarekani ambacho kikitajwa tu vijana huchangamka. Nacho ni Pimp, cha Iceberg Slim, kilichotolewa mwaka 1967 na Holloway House ya Los Angeles. Wanakisifu kwa lugha yake: lugha ya mtaani, kavu, isiyopakwa mafuta. Hata rapa Ice-T alichukua jina lake kutoka kwa mtu huyu. Mimi nimekisoma mara mbili, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilihangaika sana, mpaka nilipokuta orodha ya maneno na maana zake mwishoni. Nakubali kwamba jamaa anajua kusimulia. Lakini nina swali ambalo sijalisikia likiulizwa kijiweni: ndani ya kitabu hiki, nani anaruhusiwa kusema na nani?

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Alizaliwa Chicago mwaka 1918, akaitwa Robert Lee Maupin. Baadaye akajiita Robert Beck. Kwa miaka mingi aliishi kwa fedha za wanawake aliowatuma barabarani. Aliingia jela na kutoka, na mwaka 1960 alifungiwa peke yake katika chumba kidogo cha gereza kwa miezi kumi. Alipoachiwa alikwenda Los Angeles, akaiacha kazi ile, akawa anapulizia watu dawa ya wadudu majumbani. Ndipo akaandika. Alifariki mwaka 1992.

Sasa tuangalie neno letu wenyewe, kuwadi. Kuwadi wa hadithi zetu za zamani, aghalabu mwanamke mtu mzima, alikuwa mbeba maneno. Anayatoa kwa bwana, anayapeleka kwa bibi, anarudi na jibu, na yeye anapata chake katikati. Bila maneno hana kazi. Nadhani Kiswahili kiligusa kiini cha biashara hii kuliko Kiingereza, maana hata huko Chicago mtaji wa kuwadi si ngumi, ni maneno. Tofauti ni kwamba wa kwetu alikuwa akiyapitisha. Huyu wa Iceberg kazi yake kubwa ni kuyaziba.

Tazama anavyofundwa. Mwalimu wake kitabuni ni Sweet Jones, mzee anayefuga chui mdogo nyumbani kwake. Kanuni za kazi hazijaandikwa popote. Mkubwa humpa mdogo kwa mdomo. Na kanuni yenyewe ni hii: mwanamke asijue unachowaza. Uwe baridi, usijieleze, usiseme ukweli wa moyo wako. Yeye aseme yote, wewe usikilize na uweke akiba. Sehemu inayonitisha zaidi ni pale Sweet anapomwelekeza ampige mwanamke kwa waya wa kutundikia nguo, kisha amwandalie maji ya kuoga na kumpa vidonge, ili hatimaye huyo mwanamke amshukuru. Kipigo ni cha dakika chache. Kinachomfunga ni maneno laini yanayofuata, kwa sababu hana mtu mwingine wa kumwambia yaliyompata.

Mtandao mzima umejengwa hivyo. Makuwadi wa Marekani huwapa wanawake majina mapya, na wao humwita bwana wao "baba". Wanawake wa kuwadi mmoja huitana kama wake wenza. Mmoja wao huwa mkubwa, ndiye anayepeleka amri kwa wenzake na kurudisha umbea kwa baba. Kumtazama kuwadi mwingine usoni ni kosa la kuadhibiwa. Angalia ujanja huo! Majina ya ndoa na familia yanatumika, lakini mama, dada na shoga wa kweli wamekatwa. Aliyebaki wa kuzungumza naye ni yule yule anayemla.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Hapana, vyombo tu ndivyo vilivyobadilika. Marekani kulikuwa na tovuti ya matangazo iitwayo Backpage, mpaka serikali ilipoifunga Aprili 2018. Uchunguzi wa Baraza la Seneti uliotolewa Januari 2017 ulionyesha kwamba tovuti hiyo ilikuwa ikifuta katika matangazo maneno yanayoashiria kwamba anayeuzwa ni mtoto, kisha tangazo linaendelea kutoka. Mtoto alibaki pale pale. Kilichoondolewa ni neno ambalo lingemfanya msomaji ashtuke. Hiyo ni kazi ya mhariri, ndugu zangu, kazi ile ile tunayoiheshimu sisi.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye fani ya kitabu. Pimp kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, na nafsi hiyo ni ya kuwadi. Phyllis, mwanamke wake wa mwanzo huko Chicago, tunamwona kwa macho ya Iceberg na kumsikia kwa mdomo wa Iceberg. Akilia, tunaambiwa ni kwa nini. Akicheka, tunaambiwa ana hila gani. Hata lakabu yake ya dharau, ya kumcheka ufupi, hakujipa yeye. Nilipofika katikati ya kitabu niligundua kwamba ninasubiri kujua mpango wa Iceberg utafaulu au la, na sikuwa nikijiuliza Phyllis amelala wapi. Maana yake mbinu ya Sweet Jones imenifikia hata mimi msomaji. Ninajua anachotaka nijue.

Wapo watakaomtetea wakisema ni tawasifu, na kwamba mwishoni anajuta. Ni kweli, na kuna kurasa ambamo chuki yake juu ya nafsi yake inaumiza. Lakini majuto hayo nayo ni yake peke yake. Wanawake wale hawapati hata nafasi ya kumkatalia msamaha.

Je, hadithi hii haiwezi kusimuliwa kwa njia nyingine? Inaweza, na mfano uko hapa jirani. Mwaka 1990 Luise White alitoa kitabu kuhusu ukahaba wa Nairobi wakati wa ukoloni, baada ya kuwahoji wanawake wenyewe waliozeeka. Wakaeleza kwa majina yao ya Kiswahili: watembezi waliotafuta wateja barabarani, malaya waliongoja chumbani, na wazi-wazi waliokaa mlangoni Pumwani na kutaja bei kwa sauti. Makuwadi hawakuwepo. Mwanamke alipatana mwenyewe, akashika fedha yake mwenyewe, na wengine wakajenga nyumba. Sisemi maisha yale yalikuwa raha. Nasema kwamba mdomo ulikuwa wake, na ndiyo maana miaka mingi baadaye aliweza kukaa chini na kusimulia.

Sasa tujitazame sisi. Hadithi ngapi tunazopitishiana zina changudoa anayetokea baa, anaelezwa mapaja, halafu anakufa ukurasa wa mwisho ili sisi tufundishe maadili? Tunasema tunaandika uhalisia, kumbe tunafanya ukuwadi: tunamleta kwa msomaji, tunapokea sifa, yeye hasemi neno. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) alikwenda mbali kuliko sisi. Kabla Maimuna hajafika Rumbo kwa Mama Jeni, tunaonyeshwa jinsi baba yake, Maksuudi, alivyomtenga na watu nyumbani. Njia za maneno zilizibwa na mzazi mwenye heshima zake, danguro likaja baadaye.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tusiache kumsoma Iceberg Slim. Asomwe, tena kwa makini, kama mtu anavyomsikiliza tapeli ili ajue maneno yanavyofunga. Lakini kabla ya kuleta hadithi nyingine ya changudoa kwenye jarida hili, mwandishi achukue kalamu nyekundu na apige mstari chini ya kila sentensi anayoisema mwanamke huyo kwa mdomo wake. Akikuta ukurasa hauna mstari hata mmoja, aanze upya. Mimi yangu ninayo mezani, nayo nimeanza kuipigia mistari. Kalamu kwenu.