Fundi na Kaseti Isiyokumbuka

Fundi aliiweka kaseti ya gemu mezani, mgongo juu, akaisogezea taa, kisha akaitazama bila kuigusa. Ni kipande cha plastiki ya kijivu kinachoenea kiganjani, kimechubuka pembeni, na lebo yake imefifia. Mwenye mali alikuja nacho kutoka Iringa kwa basi la alfajiri, akapita Mafinga, Makambako na Chimala mpaka kwenye kibanda hiki cha Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa kuwa alielekezwa kwamba huku yuko mtu asiyevikimbia vitu vya zamani.

“Kamwene, dada,” fundi alimsalimu Kihehe, ingawa yeye ni wa Tukuyu. “Inasumbua nini?”

“Kamwene, kaka. Inacheza vizuri tu. Ila ukiizima, inasahau kila kitu.”

Gemu nyingi zikisahau, mchezaji hupoteza alama na kuanza tena, basi. Lakini hii ni Wario Land, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya Game Boy, ile mashine ya mkononi yenye kioo kidogo. Wario ni bwana mnene mwenye masharubu na tamaa isiyojificha: anataka kasri. Anakwenda kwenye kisiwa cha maharamia, anapita hatua 40 akiruka mashimo na kuwapiga vikumbo maadui, akiokota sarafu na kutafuta hazina 15 zilizofichwa. Hazina hizo hazitolewi bure. Kuna mlango wenye fuvu ambao hauitiki bila ufunguo, na ufunguo wenyewe umewekwa kwingine, hivyo Wario hana budi kuubeba mikononi njia nzima.

Mwishoni hakuna kushinda kwa namna moja. Utajiri wote unahesabiwa, hazina nazo zinageuzwa kuwa sarafu, halafu jini humpa Wario makao yanayolingana na alichonacho. Aliyekuja na kidogo anapewa kibanda cha ndege. Aliyejikusanyia vya kutosha anapata kasri lake. Aliyezipata hazina zote na kujaza sarafu 99,999 anapewa sayari nzima. Naipenda sana hesabu hii, kwa sababu haimuulizi mchezaji kama amefika. Inamuuliza amefika na nini. Hata kutoka kwenye hatua kunagharimu: unarusha sarafu kubwa yenye thamani ya 10 ndipo mlango ufunguke. Hakuna anayekusanya mali ya namna hiyo kwa kikao kimoja. Inakusanywa jioni kwa jioni, na kati ya jioni moja na nyingine inatunzwa na betri ndogo iliyofichwa ndani ya kaseti. Betri hiyo ndiyo iliyokufa.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa skrubu. Mgongoni mwa kaseti ipo moja tu, na kichwa chake hakina mfereji wa bisibisi bapa wala msalaba wa bisibisi nyota. Kina meno madogo yanayozunguka pembezoni, kimezama ndani ya tundu, na kimetengenezwa hivyo makusudi ili mtu wa kawaida asifungue. Wapo mafundi wanaotoboa plastiki hapo na kumaliza kazi kwa dakika moja. Huyu alichukua biro iliyokwisha wino, akachomoa mrija, akalipitisha bomba la plastiki juu ya moto wa kiberiti cha gesi, akilizungusha lipate joto sawasawa kila upande. Ncha ilipoanza kung'aa kabla ya kudondoka, aliizamisha kwenye tundu la skrubu, akaishikilia wima. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni ilimfaa: plastiki iliganda upesi, ikiwa imejichonga umbo la meno yale. Akazungusha kwa vidole viwili. Mara ya kwanza iliteleza. Hakuongeza nguvu, alikata ncha iliyoharibika kwa wembe, akapasha moto upya, akasubiri zaidi. Mara hii skrubu ilitii.

Wakati akisubiri plastiki igande alimuuliza dada gemu inahusu nini, naye akaeleza habari za hazina. Fundi akasema babu yake alichekecha mchanga Lupa, kule Chunya. Katika nchi hii hazina si hadithi ya watoto. Miaka ya 1930 mashamba ya dhahabu ya Lupa yalivuta maelfu ya watu, na mpaka leo Chunya ni jina la dhahabu. Aliyewahi kusimama mtoni na karai anaijua kazi ya Wario: mchanga mwingi, chembe chache, na chembe hizo zisipotunzwa siku nzima imepotea.

Kaseti ilifunguka kwa kuteleza, nusu moja ikashuka dhidi ya nyingine, na bodi ya kijani ikaonekana. Fundi alionyesha vilivyomo kwa kalamu bila kugusa. Chipu hii ndiyo gemu yenyewe, imeandikwa kiwandani na haihitaji umeme ili ikumbuke. Hii nyingine inatunza rekodi za mchezaji, na hiyo ndiyo dhaifu: umeme ukikatika, inafutika. Mashine ikiwashwa inakula umeme wa mashine. Ikizimwa inakula wa betri, kiasi kidogo sana, miaka na miaka. Aliweka ncha za mita juu ya betri. Haikufika hata nusu volti, wakati betri nzima ina volti 3.

Hapo ningetegemea ashike chuma cha kuchomea risasi. Hakukishika. Alichora bodi kwenye karatasi, akaweka alama ya kujumlisha na ya kutoa mahali pake, kisha akapiga picha kwa simu ingawa mchoro ulishatosha. Akasafisha meno ya shaba ya kaseti kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi. Akapima tena kwa mita kuhakikisha hakuna mahali umeme unapovuja, maana betri mpya kwenye bodi inayovuja itakufa kabla ya mwaka. Kila alichofanya kabla ya moto kilichukua muda mrefu kuliko moto wenyewe.

Betri ya kiwandani imeshikwa na miguu miwili ya bati, na miguu hiyo imechomewa kwenye bodi. Fundi alianza kwa kuongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani. Inaonekana kama kwenda kinyume, lakini risasi kongwe huwa ngumu kuyeyuka, na mpya ikichanganyika nayo huilainisha. Ilipoyeyuka, aliunyanyua mguu wa kwanza kwa kibano, polepole sana, akiufuata tu unavyotaka kutoka. Ukivuta kabla haijalainika unang'oa na shaba ya bodi, na shaba ikishang'oka hairudi. Mguu wa pili ukafuata. Risasi iliyobaki aliinyonya kwa waya wa shaba uliosukwa, aliouchuna kutoka kwenye kebo ya zamani, mpaka sehemu zote mbili zikabaki bapa na safi.

Betri mpya alikuwa ameiagiza Kariakoo, ikaletwa na basi. Alisisitiza iwe yenye miguu tayari. Wapo wanaonunua betri tupu na kuichomea moja kwa moja. Joto linaiua kabla haijaanza kazi, na wakati mwingine linaipasua. Alilinganisha namba iliyochapwa usoni mwake na ile ya zamani, akaipima, volti 3.2, akaishikiza kwa utepe, akatazama mchoro wake, akatazama picha, kisha ndipo akagusa. Sekunde mbili mguu mmoja. Akasubiri ipoe. Sekunde mbili mguu wa pili. Risasi ilitulia ikang'aa, bila nundu na bila ufa.

Kumtazama kulinikumbusha aliyesimamia kazi ya kuitoa gemu hii. Gunpei Yokoi aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kiwandani, wakati kampuni hiyo bado inachapa karata, na ni yeye aliyekuwa nyuma ya Game Boy ya mwaka 1989. Imani yake ilikuwa kutumia vifaa vya zamani, vya bei nafuu, vinavyoeleweka vizuri, kwa njia ambayo wengine hawajaifikiria. Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa 144 na vivuli 4 tu, wakati washindani walikuwa na rangi. Lakini betri zake zilidumu saa nyingi, na mtoto aliye mbali na umeme alicheza. Waongozaji wa gemu, Hiroji Kiyotake na Takehiko Hosokawa, walitoshea ndani ya vivuli hivyo 4 kisiwa kizima, maharamia, milango ya siri na mwisho wa namna nyingi. Sioni tofauti kubwa ya tabia baina yao na mtu anayegeuza biro iliyokwisha kuwa bisibisi.

Ikaja zamu ya kujaribu. Kaseti ikiwa bado wazi, fundi aliichomeka kwenye mashine, akampa dada. Dada alicheza hatua ya kwanza kwa vidole vinavyojua njia, akarusha sarafu kubwa mlangoni, akatoka. Ukafuata mchezo wa ndoo mbili: ukivuta kamba sahihi mali inazidishwa mara mbili, ukikosea nusu yake inakwenda. Alivuta, akashinda, akapiga kelele. Fundi hakushangilia. Alinakili jumla ya sarafu kwenye karatasi, pembeni mwa mchoro wake, akazima mashine, akachomoa kaseti, akasema hatapokea hela leo. Dada alilala kwa shangazi yake Uyole.

Asubuhi namba ilikuwa ile ile. Fundi aliilinganisha na karatasi tarakimu kwa tarakimu, kisha akazima na kuwasha tena. Ndipo alipokata kipande chembamba cha karatasi, akaandika mwezi na mwaka, akakibandika ndani ya kaseti juu ya plastiki, ili fundi atakayeifungua miaka ijayo ajue betri ina umri gani. Akafunga skrubu kwa bomba lile lile la biro, akaacha kukaza mara tu ilipogoma, na bomba akalitupia kwenye kopo la zana pamoja na bisibisi za dukani.

“Hazina ngapi zimebaki?” aliuliza akihesabu chenji.

“Zote 15, kaka. Mimi na mdogo wangu tulishafikisha 11 kabla haijaanza kusahau, na kasri hatujawahi kuliona.”

“Mkilipata, nipigie.”

Akaandika namba yake ya simu nyuma ya mchoro wa bodi, akampa na mchoro wenyewe.