Mstari Usiokatika

Huku Gungu, Kigoma, tunasema Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akishuka botini Kibirizi na mzigo wake, akajibu salamu kwa lafudhi ya nyumbani, hachelewi kuulizwa ni wa upande gani wa mpaka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na tangu 1972 wakimbizi wameingia mkoani kwetu wimbi baada ya wimbi. Ndiyo maana kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, kwa Mha ina uzito ambao watu wa Dar es Salaam huenda hawaujui. Inamsemea kabla lafudhi haijamshtaki. Sheria ya kusajili watu ilitungwa 1986, kadi za kwanza zikatolewa 2013; tulizisubiri sana. Lakini kadi inayoghushika kirahisi haimsemei mtu, na hapo ndipo ninapowapa heko wachapaji.

Chukua kitambulisho kilichochapwa kwa ustadi. Kwa mbali, nyuma ya maandishi unaona rangi tu. Kiweke chini ya kioo cha kukuzia: rangi inakuwa mistari, myembamba kuliko unywele, inapinda, inapishana, inarudi ilikotoka bila kukatika, kama nyavu za dagaa zilizolundikwa ufukweni. Mafundi huiita giloshi. Asili yake ni mashine za kutia nakshi kwenye vifuniko vya saa. Mwaka 1819 Mmarekani Jacob Perkins alivuka bahari hadi London akiwa na ufundi huo, akitaka kuchapa noti zisizoigika. Benki Kuu ya Uingereza haikuuchukua. Ila kampuni yake ndiyo iliyochapa stempu ya kwanza ya kubandika duniani, mwaka 1840, na nyuma ya kichwa cha Malkia Victoria ilikuwa mistari hiyo hiyo.

Kwa nini mstari unamshinda mwizi? Kwa sababu mashine ya kopi, hii ya kila steshenari, haichori mstari. Hutawanya nukta za rangi nne, na jicho letu ndilo linalozichanganya likaona kijani au kahawia. Mchapaji wa nyaraka zenye ulinzi huchanganya wino wake mwenyewe, kisha huchora mstari mzima. Wakati mwingine huweka wino wa aina mbili katika chombo kimoja, ubavu kwa ubavu, zikutane kwenye rola. Bluu inayeyukia kwenye waridi na huoni ilipoishia. Kopi ikijaribu kuiga, mstari unavunjika kuwa vumbi la nukta.

Kuna mengine pia: herufi ndogo zinazoonekana kama uzi, wino unaojitokeza chini ya mwanga wa urujuanimno tu. Mimi linalonivutia zaidi ni leza. Zamani picha ilibandikwa, ikafunikwa nailoni, na wembe uliweza kuing'oa. Kadi bora za siku hizi ni matabaka ya polikaboneti yaliyobanwa kwa joto, bila gundi, yakawa kitu kimoja. Leza hupita tabaka la juu bila kuliacha na jeraha, ikaunguza plastiki ya ndani hadi uso wa mtu ukatokea. Uso huo hauna wino wa kukwangua. Anayetaka kuufuta lazima aiharibu kadi.

Hata namba inalinda. Ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayebadilisha umri bila kugusa namba amejianika.

Ufundi huu hauwezi kusahihisha barua ya uongo ya serikali ya mtaa iliyotumika kuombea kadi. Hiyo ni kazi ya watu. Wala haumsaidii mtu kama anayeikagua kadi anaigeuza mara moja na kuirudisha. Ningependa kila kaunta ya Kibirizi na bandarini Kigoma iwe na kioo cha kukuzia na tochi ya urujuanimno, na karani aliyefundishwa kutazama mistari kwanza, ndipo amsikilize mtu anavyotamka.