Balbu Iliyokufa Unyambwa, na Namba Tunayoipenda Mno

Umenunua balbu ya LED ya wati 9. Pakiti inasema saa 15,000. Ukiiwasha saa tano kila usiku, hiyo ni miaka minane na ushee. Sasa mbona ile ya nyumba moja hapa Unyambwa, Manispaa ya Singida, haikumaliza hata mwaka?

Tuliifungua kwa bisibisi. Vitaa vyenyewe, vile vidoa vya njano, vimepangwa juu ya bamba la alumini, na bamba limekalia kikombe cha alumini kilichovishwa plastiki. Ubunifu si mbaya. Ila katikati, pale bamba linapogusa kikombe, palitakiwa pesti ya joto: silikoni iliyochanganywa na unga wa kauri. Hakuna. Kuna hewa tu.

Hapo ndipo nina ugomvi na matangazo ya pesti hizi, na kidogo na sisi wenyewe tunaoandika sayansi. Tunashindana kwa namba moja: wati ngapi kwa mita kwa kelvini. Shaba ni kama 400, alumini safi 237, plastiki ya kawaida 0.2, hewa iliyotulia 0.026. Basi pesti ya 8 ionekane mfalme, ya 1 ionekane takataka.

Tupige hesabu. Tuseme wati 6 kati ya zile 9 zinageuka joto, eneo la kugusana ni sentimita 10 za mraba, na pengo ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Pengo likiwa na hewa, bamba linazidi kikombe kwa nyuzi 23 hivi. Ukipaka pesti ya 1, tofauti inashuka hadi 0.6. Ukipaka ile ya 8, haifiki 0.1. Umeona? Pesti ya bei chee imefanya karibu kazi yote. Mfalme amekuongezea nusu nyuzi.

Na hizo nyuzi 23 si mchezo. Mafundi wa elektroniki hukadiria kuwa kapasita ya ndani hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Hata vitaa vyenyewe huchakaa haraka vikichemka.

Halafu joto likishafika kwenye ganda, lazima litoke hewani. Balbu haina feni. Kwa ukubwa huo, ganda linabaki na nyuzi 40 hivi juu ya joto la chumba. Plastiki ya ganda iwe ya 2 au ya 10, hapo mabadiliko ni madogo, maana kizuizi kikubwa ni hewa ya nje. Singida iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga, inapoza kidogo zaidi kwa shida. Upepo wetu maarufu? Hauingii kwenye dari ya bati.

Najua utaniuliza kuhusu kinywe, madini yetu ya Mahenge na Ruangwa. Kweli, ndani ya tabaka zake kinywe hupitisha joto kuipita shaba. Lakini kukatisha tabaka ni dhaifu mno, na ndani ya plastiki chembe zisipogusana joto halipati njia. Ukizijaza mpaka zigusane, plastiki inakuwa nzito kumimina na rahisi kuvunjika. Tena kinywe hupitisha umeme. Ndiyo maana karibu na nyaya wanatumia unga wa alumina au boroni naitraidi. Ripoti zinazosifia namba kubwa mara nyingi hupita haraka hapo.

Kwa hiyo dukani usiulize namba. Ipime balbu mkononi, yenye alumini ni nzito kidogo. Nyumbani iwashe nusu saa, izime, kisha iguse taratibu. Kuba likiwa la moto na sehemu ya karibu na holda ikiwa baridi, joto limekwama juu. Irudishe na risiti.